Maneno yenye kuuzisha: sabuni, bia na kaburi la mama mmoja



Kisha kupata licence, wengi wetu tuliwaza tutaanza kazi na mambo tuliyosomea: agronomu mu shamba, juriste mu tribinali, ekonomiste mu hesabu. Lakini mara nyingi kazi ya kwanza tunayopewa ni kuandika. Chef anakuambia: "Wewe uko na diplome, ututungie karatasi." Inaweza kuwa afishi ya mafunzo, trakte ya mbegu, etiketi ya sabuni ya koperative, ao tangazo la nusu ukurasa mu gazeti ya jimbo. Ile kazi hakuna fakilte ilitufundisha. Basi tunaokota maneno makubwa, "ya kisasa", "bora kabisa", "namba moja", tunaongeza alama tatu za mshangao, tunapeleka ku emprimeri. Kisha wiki mbili ile karatasi inafungia karanga ku soko.

Mimi ni agronomu, si mtu wa piblisite. Lakini juu kazi inanirudisha ku karatasi kila mara, nilisoma historia ya wale wenye walifanya maandishi ya kuuzisha kuwa kazi yao ya maisha. Nilikuta mambo mingi ya kujifunza, na nilikuta pia Congo yetu imo ndani, mara mbili, ku fasi sikuitazamia. Ninachotaka kuonyesha hapa ni jambo moja: maneno ya gazeti yenye yalisukuma watu kwa haki ni yale msomaji mwenyewe aliweza kuyapima. Yale mengine yaliuzisha pia, tena sana. Lakini yaliacha deni, na mara nyingi si mwandishi njo alililipa.

Jina la Congo ku sabuni ya Roubaix

Tuanzie Ufaransa, miaka ya 1880. Mkutano wa Berlin unamalizika mu 1885, Leopold II anapata ile aliita État Indépendant du Congo. Magazeti ya Ulaya yanajaa habari za mto wetu, za Stanley na Brazza. Mu mji wa Roubaix, kaskazini mwa Ufaransa, kuko mtengenezaji wa sabuni anaitwa Victor Vaissier. Anaona jina Congo liko mu kinywa cha kila mtu. Analichukua, analiweka ku sabuni yake ya kunukia: Savon du Congo, sabuni ya wana wa wafalme wa Congo.

Vaissier hakujisumbua kueleza sabuni yake inasafisha namna gani ao inadumu siku ngapi. Alijaza magazeti na mashairi mafupi, mistari michache ya kuchekesha, na ndani yake lile jina linarudi kila mara. Msomaji alicheka, akakumbuka jina, na kufika ku butike akaliomba. Ile sabuni ilimtajirisha Vaissier mpaka mu 1892 akajengewa jumba kubwa la mtindo wa Mashariki ku Tourcoing, karibu na Roubaix. Jumba lilibomolewa mu 1929.

Kama ufundi, kuko kitu cha kushika hapo: maandishi mafupi, jina linalorudi, msomaji anayetabasamu. Sitabeza. Lakini tujiulize: msomaji wa Paris alijua nini juu ya Congo kisha kuona lile jina mara mia? Hakujua kitu. Na mu miaka ya 1890, wakati bado sabuni inauzwa, wanaume wa Équateur walikuwa wanasukumwa mu pori kutafuta mpira, na wake zao wanafungwa kama rehani mpaka kilo zitimie. Jina lilikuwa linauzisha manukato ku fasi moja, na ku fasi ingine watu wenyewe wa jina walikuwa wanakatwa mikono. Sisemi Vaissier alikata mkono wa mtu. Nasema tangazo lake halikuwa na kitu cha kupima. Lilikuwa jina tupu, na ndani ya jina tupu unaweza kuficha chochote.

Mama mwenye alijibu barua kisha kufa

Tuvuke bahari mpaka Marekani, wakati ule ule. Magazeti mingi ya kule yalikuwa yanaishi kwa pesa za matangazo ya madawa ya chupa, yale ya kuponya kila kitu: kikohozi, tumbo, huzuni. Mmoja wa wenye walijulikana sana alikuwa Lydia Pinkham, wa Lynn, mu jimbo la Massachusetts. Tangu 1875 jamaa yake waliuzisha dawa yake ya majani juu ya maumivu ya wanawake. Waliweka sura yake ku gazeti, sura ya mama mzima, mtulivu, kama nyanya yako. Na tangazo likasema: mwandikie Bibi Pinkham, mweleze shida yako.

Hapo ujue walielewa msomaji wao sawasawa. Wakati ule wanawake wengi waliona haya kumweleza munganga mwanaume mambo ya mwili wao. Kuandikia mama mwenzako, kwa siri, ilikuwa nafuu kubwa. Barua zilifika kwa wingi na zilijibiwa.

Lakini Lydia Pinkham alikufa mu 1883. Matangazo yaliendelea kuwaalika wanawake wamwandikie, sawa vile bado anaketi ku meza yake. Mu 1905 gazeti ya wanawake yenye kuitwa Ladies' Home Journal ilitoa picha ya jiwe la kaburi lake. Hakukuwa haja ya mabishano marefu. Jiwe lilikuwa na jina na mwaka, na kila msomaji aliweza kufanya hesabu mwenyewe.

Mwaka ule ule, Samuel Hopkins Adams alianza kuandika mu gazeti Collier's mfululizo wa makala juu ya yale madawa. Alionyesha kilichokuwa ndani ya chupa: mu moja pombe, mu ingine afyuni ao kokaini. Dawa ya Pinkham yenyewe ilikuwa na pombe karibu asilimia 18, na mama mwenye hakugusa bia maisha yake yote alikuwa anainywa kwa kijiko. Mu 1906 Marekani ilipitisha sheria ya chakula na dawa. Mutazame vizuri ile sheria: haikukataza pombe ndani ya chupa. Ililazimisha iandikwe ku etiketi, pamoja na kiasi chake. Yaani serikali ilisema: muuze, lakini mumpe mnunuzi namba.

Chicago: muuzaji ndani ya karatasi

Wakati wa ile vita ya madawa, kuko jambo lingine lilikuwa linazaliwa ku Chicago. Mu 1904, John E. Kennedy, mwenye alikuwa zamani polisi wa farasi wa Canada, alimtumia kijana Albert Lasker, wa nyumba ya piblisite Lord & Thomas, kikaratasi: naweza kukuambia piblisite ni nini. Lasker alimwita. Jibu lilikuwa fupi: ni uuzaji uliochapwa ku karatasi.

Leo inaonekana jambo la kawaida, lakini wakati ule wengi walifikiri kama Vaissier: kazi ya tangazo ni kuweka jina mbele ya macho ya watu. Kennedy alisema hapana. Muuzaji wa kweli akibisha mlango wa mtu, hasimami pale kuimba jina la kiwanda. Anatoa sababu. Kwa nini ununue hiki, na si kile? Basi tangazo nalo litoe sababu.

Mwenye aliisukuma ile fikira mbali zaidi ni Claude Hopkins, mtoto wa Michigan, aliyezaliwa mu 1866. Lasker alimchukua mu 1907, na baadaye akamlipa mpaka dola 185,000 kwa mwaka, pesa za kutisha kwa wakati ule. Lakini kazi yake moja yenye kujulikana sana aliifanya kabla, juu ya bia Schlitz ya Milwaukee. Viwanda vyote vya bia vilikuwa vinapiga kelele ile ile: bia yetu ni safi. Vilichapa neno "safi" kwa herufi kubwa, na halikusukuma mtu.

Hopkins, kama alivyosimulia mwenyewe, aliomba kwanza kutembezwa ndani ya kiwanda. Aliona bia inapoozwa mu vyumba vya vioo, fasi hewa imechujwa. Aliona pampu na mabomba yanasafishwa mara mbili kwa siku, chupa zinaoshwa mara nne. Alionyeshwa visima vya kina cha futi 4,000, hata kama kiwanda kilikuwa karibu na ziwa Michigan. Aliambiwa chachu ilipatikana kisha majaribio 1,200. Akauliza: kwa nini hamuwaambie watu hii? Wakamujibu: lakini viwanda vyote vinafanya vile vile. Hopkins akaona hapo njo iko kazi: hakuna mwenye alikuwa amewaambia watu. Aliandika mambo yale yale, moja moja. Kwa maelezo yake, Schlitz ilitoka ku nafasi ya 5 ikafika karibu na ya kwanza kisha miezi michache tu.

Neno "safi" msomaji hawezi kulishika. "Chupa zinaoshwa mara nne" analishika, juu anaweza kuliona mu akili, na kama anataka anaweza kwenda kuhesabu.

Hopkins alileta pia kitu chenye sisi ma-agronomu tunapaswa kukipenda. Chini ya tangazo aliweka kipande cha kukata, kuponi, chenye alama yake. Gazeti hii iko na alama yake, ile ingine iko na yake. Kichwa cha habari A ku upande mmoja, B ku upande mwingine. Kisha unahesabu kuponi zinazorudi. Si unaona? Ni champ d'essai! Parcelle mbili, aina mbili za mbegu, udongo mmoja, unapima mavuno. Hopkins alitoa kitabu chake Scientific Advertising mu 1923, na miaka ile ile Ronald Fisher alikuwa ku Rothamsted, Uingereza, anatengeneza hesabu za majaribio ya shamba zenye tulisoma mu kozi ya biometri.

John Caples alifuata njia hiyo. Mu miaka ya 1920 aliandika tangazo la shule ya muziki ya kusomea kwa posta, juu ya mtu mwenye wenzake walimcheka akiketi ku piano, mpaka alipoanza kupiga. Kisha kupima matangazo mingi, Caples aliandika kwamba aliona tangazo moja likiuzisha mara 19 na nusu kupita lingine, kwa bidhaa ile ile. Kilichobadilika ni kile walichomwambia msomaji tu.

Lakini tusimame hapa kidogo. Huyu Hopkins wa kuponi na vipimo, zamani alikuwa ameandikia pia kiwanda cha yale madawa ya chupa. Kuponi inapima kama msomaji ameamini. Haipimi kama ameambiwa ukweli. Barua za Pinkham zilirudi kwa wingi, na kama ungezihesabu tu, ungesema ile kazi ni nzuri kabisa. Basi kuko vipimo viwili: muuzaji anampima msomaji, na msomaji anapima ahadi. Cha kwanza kinakusaidia kuuzisha. Cha pili kinakusaidia uweze kurudi ku kijiji kile mwaka wenye kufuata.

Saa ya gari na kasoro yenye kuandikwa

David Ogilvy alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi ku New York. Kabla ya hapo aliuza majiko nyumba kwa nyumba ku Scotland, kisha akafanya kazi ya kuchunguza maoni ya watu na George Gallup. Mu 1958 alipewa kuandika tangazo la Rolls-Royce. Alikaa wiki tatu anasoma tu juu ya gari lenyewe. Kisha kichwa cha habari alichochagua hakikusema gari ni zuri ao la matajiri. Kilisema kwamba ukiendesha kwa mwendo wa karibu kilomita 100 kwa saa, kelele kubwa yenye utasikia ni ya saa ya umeme ya mu gari. Ile sentensi hakuitunga mu ndoto. Aliikuta mu maandishi ya mtu wa ufundi wa magari. Chini yake aliweka maneno zaidi ya 600, na ni mambo ya kweli ya ufundi, moja kisha lingine.

Wengi wanasema watu hawasomi maandishi marefu. Watu hawasomi maandishi matupu. Mtu mwenye anataka kununua gari, ao mbegu, ao kusomesha mtoto wake ku shule fulani, atasoma kila mstari kama kila mstari unamupa kitu.

Mu 1960, nyumba ya piblisite ya Bill Bernbach ilitoa tangazo la Volkswagen. Picha ya gari, na chini neno moja tu, "limau", lenye ku Marekani maana yake ni gari bovu lililokupunja. Maandishi yalieleza kwamba gari lile la ku picha halikuuzwa, juu lilikuwa na alama ndogo ku kipande cha chuma chenye kung'aa, na mkaguzi alilikataa. Ku kiwanda cha Wolfsburg, lilisema, kuko watu 3,389 wenye kazi yao ni kukagua tu. Kuandika kasoro yako mwenyewe kwa herufi kubwa! Lakini fikiri: mtu mwenye anakuonyesha kile amekikataa, unaanza kumwamini juu ya kile amekikubali.

Sunlight na Lusanga

Sasa turudi nyuma, na turudi Congo. Mwingereza William Lever alianza biashara ya sabuni Sunlight mu 1884. Alikuwa fundi mkubwa wa piblisite kati ya watu wa wakati wake. Kuko jambo moja lake lenye lingempendeza Hopkins: ku sabuni yake aliahidi pauni 1,000 kwa mtu yeyote mwenye ataonyesha kuna kitu kichafu kilichanganywa ndani. Ni ahadi ya kupimika kabisa, tena na zawadi juu yake. Kwa kipimo changu, Lever alipaswa kushinda.

Lakini sabuni inataka mafuta. Tarehe 14 Aprili 1911, Lever alitia sahihi na serikali ya Ubelgiji mapatano ya Huileries du Congo Belge. Alipewa maduara matano, kila moja na kilomita 60 kutoka katikati mpaka ku ukingo, achague ndani yake mapori ya ngazi, mpaka hekta 750,000. Kituo kikubwa kilikuwa ku Lusanga, karibu na Kikwit, kikaitwa Leverville. Sisi wenye tumesomea ngazi tunajua kazi yake: mtu anapanda mti mrefu na kamba kiunoni, anakata mikungu, mke na watoto wanaokota na kubeba. Wakataji hawakutosha kwa hiari, basi serikali na kampuni walitumia kodi, ma-chef na askari ili wapatikane. Mu 1931, wakati bei ya ngazi ilianguka na kodi haikuanguka, Wapende wa Kwango waliasi. Agent wa serikali, Maximilien Balot, aliuawa. Jeshi lilijibu, na Wapende waliokufa walikuwa mamia.

Mama wa Manchester, mwenye kushika Sunlight mu mikono, aliweza kuipima. Alinawa, akaona povu, akaona nguo nyeupe. Ahadi ya pauni 1,000 ilikuwa ya kweli. Lakini kile cha kupimika kilisimama ku kipande cha sabuni. Hakuna mstari ulimpeleka mpaka ku mti. Hii njo sehemu ngumu ya historia hii, na sitaki kuipita mbio: tangazo linaweza kusema ukweli mstari kwa mstari, na bado uchaguzi wa mistari ukaficha watu.

Karani mwenye alihesabu meli

Lakini kuko pia maandishi ya gazeti yenye yalifungua kile kilichofichwa, na yalifanya kazi kwa ufundi ule ule. Edmund Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, Elder Dempster. Akitazama hesabu ku Antwerp, aliona meli zinatoka Congo zimejaa mpira na pembe za ndovu. Na zinaporudi Congo? Hazibebi bidhaa za kutosha kulipia ile mali. Zinabeba bunduki na risasi. Bila kukanyaga Congo, alifahamu: kama hakuna malipo, basi kazi ni ya lazima. Mu 1903 alianzisha gazeti yake, West African Mail, na mu 1904 chama cha kutetea Wakongomani.

Leopold alikuwa na pesa, na alilipia maandishi ya kumsifu mu magazeti ya nchi mbalimbali. Morel alikuwa na namba. Alikuwa pia na picha za mumisionari Alice Seeley Harris. Mu ile moja ya 1904, baba mmoja, Nsala, anaketi ku baraza anatazama mkono na mguu wa mtoto wake. Hakuna neno "ukatili" lenye kulingana na picha ile, na hakuna sifa ya kifalme yenye kujibu hesabu ya meli. Mu 1908 Leopold alilazimika kuachilia Congo ku serikali ya Ubelgiji. Ukoloni haukuisha, tunajua. Lakini ule ufalme wa mtu mmoja uliisha, na karatasi ilisaidia.

Na sisi je?

Mwaka mmoja, ku soko moja ya Kivu ya Kusini, mama mulimaji alinionyesha sakoshi ndogo ya mbegu za maharagi yenye alikuwa amenunua. Mbele iliandikwa: MAVUNO MENGI, MBEGU BORA. Nyuma, namba ya simu, basi. Yale maharagi yalikuwa ya kukwea, na sakoshi haikusema. Mama hakuwa amekata miti ya kuegemezea, na mu kilima chake miti inanunuliwa. Maharagi yalitambaa chini, mvua ikayaozesha, msimu ukaenda. Aliniuliza maswali matatu: "Mwana wangu, zinakwea ao hazikwei? Zinaiva siku ngapi? Zilivunwa mwaka gani?" Hakuna hata moja lilijibiwa ku ile karatasi, na majibu yote matatu yangeenea ku mstari mmoja, ku fasi ya lile neno "bora".

Yule mama hakumsoma Hopkins. Lakini maswali yake ni yale yale Hopkins alipeleka ku Milwaukee. Njo maana naandika haya kwa ninyi wenye mutaombwa kesho kutunga karatasi. Kwetu huku msomaji wa trakte si mtu anayechagua kati ya bia mbili. Mara nyingi ana pesa ya mbegu mara moja tu kwa msimu, na neno lako likimupotosha, watoto wake njo watapunguza sahani.

Basi mbele ya kuandika, utembee kwanza ndani ya kiwanda, yaani uende ku shamba, ku depo, ku mashine, uhesabu. Andikia mtu mmoja, kama wale wa Pinkham walivyojua kuandikia mwanamke mmoja, lakini usimdanganye juu ya nani anajibu. Fasi uliandika "bora", weka namba: siku 75 ao 90, kilo ngapi ku ari moja, mlima ao bonde. Kama kitu kiko na kasoro, andika: inataka miti, haipendi maji mingi. Na ukimaliza, utazame nani hayumo ku karatasi: mbebaji, mkataji, mwanamke mwenye alichambua zile mbegu, na alilipwa ngapi.

Mwishoni, uweke ndani ya karatasi yenyewe njia ya kuipima. Kwa mbegu ni rahisi: "Chukua punje 20, uzifunge mu kitambaa chenye maji, ulowanishe kila siku, uhesabu kisha siku 7. Zikiota chini ya 16, turudishie, tutakulipa." Mistari miwili tu. Chef wako atakuambia inachukua nafasi ya picha, na pengine ataogopa kwamba watu watarudisha kweli. Muulize tu: kama tunaogopa mama ahesabu punje 20, kwa nini tunamuuzia kilo 20?